Pedali tunaikanyaga, nani ataitengeneza?

(Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.)



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho karibu kila mmoja wetu amekipanda, au amepakiwa nyuma yake, lakini ni wachache waliowahi kukaa chini wakajiuliza kimetoka wapi na kilianzaje. Nasema juu ya baiskeli, na juu ya mdogo wake, pikipiki.

Mimi ni mkazi wa Nyalikungu, makao makuu ya Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Ninyi mnaonisikiliza mkiwa Dar es Salaam au Arusha huenda mnadhani baiskeli ni jambo la zamani, kitu cha kusimuliwa na babu. Huku kwetu si hivyo. Siku ya mnada simama kando ya barabara kwa nusu saa tu. Utaona baiskeli imebeba magunia mawili ya mpunga. Utaona nyingine imebeba tenga la kuku, mama, na mtoto mgongoni mwa mama. Utaona pikipiki imepakia mbuzi, kitanda, au mgonjwa aliyeshikiliwa na nduguye asianguke. Ukiviondoa vyombo hivi kwa siku moja, soko halitafunguliwa, na zahanati nyingi zitakosa wagonjwa, si kwa sababu watu wamepona, bali kwa sababu hawana jinsi ya kufika.

Sasa nawaulizeni, ndugu zangu: katika vyombo vyote hivyo, ni chuma gani kilichotengenezwa na Mtanzania? Baiskeli zimetoka India na China. Pikipiki zimetoka hukohuko. Hata zile zinazofungwa hapa nchini, vyuma vyake vimekuja kwenye makasha. Tumeikanyaga pedali hii tangu enzi za wakoloni. Je, tutaikanyaga mpaka lini kabla ya kujaribu kuitengeneza?

Kabla hamjaniambia kwamba naota ndoto za mchana, naomba niwasimulie habari ya mji mmoja mdogo wa Ujerumani. Mji huo unaitwa Neckarsulm. Umepata jina lake kutokana na mito miwili, Neckar na Sulm, inayokutana hapo. Ulikuwa mji wa wakulima wa zabibu, kama huu wetu ulivyo mji wa wakulima wa pamba. Mtu aliyepita hapo mwaka 1880 asingeweza kuagua kwamba siku moja mji ule ungeongoza dunia nzima kwa kutengeneza pikipiki.

Habari yenyewe inaanzia mahali pengine, kwenye mji wa Riedlingen, mwaka 1873. Mafundi wawili, Christian Schmidt na Heinrich Stoll, walifungua karakana ndogo. Unadhani walitengeneza baiskeli? La hasha. Walitengeneza mashine za kufumia nyuzi, zile za kutengenezea soksi na sweta. Mwaka 1880 Schmidt akaihamishia karakana Neckarsulm. Mwaka 1884 akafariki dunia angali kijana, na shemeji yake, Gottlob Banzhaf, akashika kazi.

Sasa mashine ya kufumia nyuzi ni kitu gani? Ni vyuma vyembamba vinavyopaswa kulingana sawasawa, magurudumu yenye meno, misumari isiyopishana hata unywele. Fundi aliyezoea kazi hiyo ana jicho na mkono wa kipekee. Ndiyo maana baiskeli ilipoanza kupendwa Ulaya, mafundi wale hawakuishangaa. Mwaka 1886 walitoa baiskeli yao ya kwanza, ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Haukupita muda mrefu, kazi ya mashine za nyuzi wakaiacha kabisa. Jina la mji wakalifupisha likawa herufi tatu, NSU, wakazibandika kwenye baiskeli zao.

Nawaombeni tuukumbuke mwaka huo, 1886. Ndio mwaka ambao Wajerumani na Waingereza walikaa mezani huko Ulaya wakagawana nchi zetu za Afrika Mashariki kwa kalamu. Wakati maofisa wao wanachora mipaka yetu, mafundi wao walikuwa wanachora baiskeli. Kwa bahati mbaya sisi tumeisoma sana ile michoro ya kwanza, na hii ya pili hatukuisoma kabisa.

Baiskeli ikawapeleka mbele tena. Mwaka 1901 waliunganisha injini na baiskeli wakapata pikipiki yao ya kwanza. Na hapa kuna jambo la kuzingatia. Injini ile hawakuitengeneza wenyewe. Waliinunua kutoka Uswisi, wakaifunga kwenye fremu yao. Hawakuona haya kununua kile ambacho hawakukiweza. Lakini hawakuendelea kununua milele. Kufikia mwaka 1903 walikuwa wanatengeneza injini zao wenyewe. Mwaka 1905 wakaingia kwenye magari.

Mwaka huo wa 1905, wasikilizaji, kwetu kulikuwa na Vita vya Majimaji. Na moja ya mambo yaliyowakera wazee wetu wa kusini ni kulazimishwa kulima pamba katika mashamba ya mkoloni. Nyuzi za pamba ziliwafundisha wale ufundi, zikawafikisha kwenye gari. Sisi pamba hiyohiyo ilitufikisha kwenye viboko, na baadaye, kama nitakavyoeleza, ikatufikisha dukani.

Sitaki mfikiri kwamba NSU ilikwenda njia nyoofu isiyo na mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilielemewa na madeni hadi ikakiuza kiwanda chake cha magari kwa Fiat ya Italia. Ikarudi kwenye magurudumu mawili. Mwaka 1936 ilichukua kazi ya baiskeli ya kampuni ya Opel, ambayo nayo, msishangae, ilikuwa imeanza kwa kutengeneza cherehani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliundia jeshi la Hitler chombo cha ajabu, mbele pikipiki, nyuma minyororo kama ya kifaru. Vita vilipokwisha kiwanda kilikuwa kimepigwa mabomu.

Walianza tena, na kwa kuanzia wakachagua vitu vidogo ambavyo watu waliofilisika kwa vita wangeweza kuvinunua. Mwaka 1953 walitoa chombo walichokiita Quickly: ni baiskeli hasa, yenye pedali zake, iliyowekewa injini ndogo. Waliuza zaidi ya milioni moja. Kwenye mashindano nako waliwashangaza watu. Mwaka 1953 na mwaka 1954 mpanda pikipiki wao, Werner Haas, alikuwa bingwa wa dunia. Kufikia mwaka 1955 hakukuwa na kiwanda duniani kilichotoa pikipiki nyingi kuliko kile cha mji mdogo wa wakulima wa zabibu.

Hapa ndipo habari ya Wajerumani inapoanza kuja upande wetu, kwa kupitia Japani. Katika mashindano ya mwaka 1954 kwenye Kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, alikuwapo mgeni mmoja kutoka Japani, Soichiro Honda. Mwaka 1946, baada ya vita, mtu huyu alikuwa anachukua injini ndogo za majenereta ya jeshi na kuzifunga kwenye baiskeli za kawaida. Alikwenda Uingereza akiwa ameshatangaza kwamba naye ataleta pikipiki kwenye mashindano yale. Akazitazama zile za NSU zikipita, akaona zina nguvu kupita kiasi alichokuwa amekidhania. Alishtuka sana. Lakini hakurudi kwao akasema kwamba Wazungu wameshatangulia, basi tununue tu. Alirudi, akakusanya mafundi wake, wakafanya kazi. Mwaka 1959 walikwenda kushindana. Mwaka 1961 walishinda. Katikati ya hapo, mwaka 1958, walikuwa wametoa pikipiki ndogo ya Super Cub, ambayo kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100.

Kutoka Japani twende India, kwa sababu huko ndiko zinakotoka nyingi za baiskeli na pikipiki tunazozipanda huku Kanda ya Ziwa. Ndugu wanne wa ukoo wa Munjal walikuwa wauzaji wa vipuri vya baiskeli katika mji wa Amritsar. Wakahamia Ludhiana. Siku nyingi waliuza vitu vilivyotengenezwa na wengine, kama zinavyofanya duka nyingi za vipuri hapa Nyalikungu. Katika miaka ya 1950 wakaamua kutengeneza wenyewe. Hawakuanza na baiskeli nzima. Walianza na uma wa mbele na usukani. Mwaka 1956 wakapata kibali cha kutengeneza baiskeli kamili, wakaiita Hero, na mwaka ule wa kwanza wakatoa baiskeli 639 tu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1986, Hero ilitajwa kuwa ndiyo inayotengeneza baiskeli nyingi kuliko kampuni yoyote duniani. Na tayari mwaka 1984 walikuwa wameshirikiana na Honda kutengeneza pikipiki nchini India.

Mmeona jinsi moto ulivyopokezanwa? Kutoka mashine ya soksi ya Riedlingen hadi pikipiki ya Neckarsulm. Kutoka Neckarsulm, jicho la Honda likaona. Kutoka kwa Honda, Wahindi wakajifunza. Na kutoka India baiskeli na pikipiki zikapakiwa melini zikaja Dar es Salaam, zikafika mpaka Maswa. Kila aliyepokea kijinga cha moto alikikokea kuni zake. Kilipofika kwetu, sisi tukaota moto.

Sisemi hivyo kwa kubeza. Huku Usukumani baiskeli ina historia ya heshima. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walijiunga katika vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaunda muungano mkubwa uliojulikana kama Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ulikuwa ushirika ambao Afrika nzima iliutazama. Mkulima akapimiwa pamba yake kwenye mizani ya chama chake, akashika fedha mkononi. Na kitu cha kwanza alichokiwaza, baada ya ng'ombe na bati, kilikuwa baiskeli, na hasa Raleigh ya Kiingereza. Baiskeli ilikuwa cheo. Ilikuwa mguu wa mkulima, ilikuwa gari la wagonjwa, ilikuwa barua. Baadaye zilikuja Phoenix za China, zikaja Hero na Avon za India. Shinyanga vijana wakazigeuza kuwa vyombo vya abiria, na watu wakaziita daladala.

Lakini ebu tazameni mahesabu yake. Mkulima alipalilia pamba kwa jembe, akaivuna, akaiuza. Pamba ikaenda kufumwa nguo nchi za mbali. Fedha aliyoipata akainunulia baiskeli iliyotoka nchi hizohizo. Mwisho wa msimu alibaki na chombo kizuri, ndiyo, lakini ufundi ulibaki kule kulikofumwa nguo na kulikotoka chuma cha baiskeli. Mwaka uliofuata akaanza upya.

Je, tuliwahi kujaribu kuikata duara hiyo? Tulijaribu. Vijana wa leo hawajui, lakini nchi hii iliwahi kuwa na kiwanda chake cha baiskeli. Lilikuwa shirika la umma, National Bicycle Company, na wengi tulilijua kwa kifupi kama NABICO, huko Dar es Salaam. Baiskeli yake iliitwa Swala. Wenye umri wangu wanaikumbuka. Jina lenyewe lilikuwa zuri, jina la mnyama wetu mwenye mbio.

Leo Swala haitoki tena kiwandani. Miaka ile ilikuwa migumu kwa viwanda vyetu vyote. Mafuta yalipanda bei, tulipigana vita na Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Kiwanda kinachotegemea vyuma vya kuagiza nje, siku fedha za kigeni zinapokosekana, kinakuwa kama baiskeli isiyo na mnyororo: utakanyaga pedali, gurudumu halizunguki. Halafu ikaja miaka ya 1990, mlango wa biashara ukafunguliwa, bidhaa za nje zikamwagika, na mashirika ya umma yakapangwa kuuzwa au kufungwa.

Watu wengi wakieleza habari hii huishia hapo, wakasema: mnaona, tulijaribu tukashindwa, tuache. Mimi nasema hapana, na sababu yangu naichukua Neckarsulm.

Kwa maana NSU nayo ilikufa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wajerumani walipata uwezo wa kununua magari, wakaacha pikipiki. NSU ikarudi kwenye magari, ikaweka matumaini yake kwenye injini mpya iliyobuniwa na Felix Wankel. Injini hiyo haina pistoni za kupanda na kushuka, bali chuma cha pembe tatu kinachozunguka. Mwaka 1967 walitoa gari la Ro 80 lenye injini hiyo, na likasifiwa mno. Lakini vizibo vya kwenye pembe za kile chuma vilikuwa vinalika mapema. Magari yakarudishwa kiwandani kwa wingi, na kampuni ikawa inabadilisha injini kwa gharama yake. Mwaka 1969 iliunganishwa na Auto Union, chini ya Volkswagen. Mwaka 1985 herufi tatu za NSU zikaondolewa kwenye jina la kampuni, ikabaki Audi peke yake.

Basi jina lilikufa. Na mji je? Kiwanda je? Hapo ndipo pa kutega sikio. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, wakubwa wa kampuni walifikiria kukifunga kiwanda cha Neckarsulm. Tarehe 18 Aprili 1975 maelfu ya wafanyakazi waliweka zana zao chini, wakatoka langoni, wakatembea kwa miguu hadi mji jirani wa Heilbronn kudai kiwanda kisifungwe. Wengi walipoteza kazi mwaka ule, sitawaficha. Lakini lango halikufungwa. Kiwanda kikapewa kazi ya kuunda magari ya Porsche, na hadi leo magari ya Audi yanatoka pale, mahali palepale palipotoka mashine za soksi.

Kwa nini pale pasifungwe? Kwa sababu palikuwa na watu wanaojua kazi. Baba alimfundisha mwana, fundi akamfundisha mwanagenzi, tangu 1880. Majina ya kampuni yalibadilika, bidhaa zilibadilika, mikono ilikuwa ileile. Kiwanda, ndugu zangu, si bango lililoko juu ya lango. Kiwanda ni mikono ya watu.

Kosa letu halikuwa kwamba Swala ilishindwa biashara. Biashara hushindwa, hata za Wajerumani. Kosa letu ni kwamba bango liliposhuka, tuliiacha na mikono ikatawanyika. Aliyejua kupinda bomba la fremu akaenda kuuza mitumba. Aliyejua kupaka rangi akarudi kijijini. Hatukuuliza: hawa tuwapeleke wapi ufundi wao usipotee?

Basi mikono hiyo leo iko wapi? Ipo, na mimi naiona kila siku. Si mbali na soko la hapa Nyalikungu yuko fundi mmoja anayefanya kazi chini ya mti. Ana mashine ya kuchomelea, msumeno wa chuma, nyundo na jiwe. Siku moja nilimkuta anapinda nondo. Nikamuuliza, "Fundi, hiyo ni ya nini?"

"Keria, mzee," akanijibu. "Ile iliyokuja na baiskeli haifai. Ukiweka gunia moja, inalala."

Nikamtazama. Alikuwa amepima kwa macho, akapinda, akachomelea mahali palepale panapobeba uzito. Akaongeza na stendi pana ya miguu miwili ili baiskeli isimame na mzigo bila kuegemezwa. Nikamwuliza nani alimfundisha. Akasema, "Gunia ndilo lililonifundisha."

Ndugu wasikilizaji, maneno ya fundi yule nimeyatafakari sana. Keria ile haikuchorwa Ludhiana wala Shanghai. Imechorwa hapa, na mtu anayejua uzito wa gunia la mpunga na mashimo ya njia zetu. Nendeni Shinyanga, nendeni Bariadi, nendeni Magu, mtaikuta. Kwa hiyo si kweli kwamba hatutengenezi chochote. Tumeshaanza! Ndugu wa Munjal walianza na uma wa mbele. Sisi tumeanza na keria. Tofauti ni kwamba wao walipotoka kwenye uma walikwenda kwenye fremu. Sisi tumekaa kwenye keria miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyemtazama yule fundi akamwona kuwa ni kiwanda. Tunamwita fundi wa kuungaunga, tunabishana naye juu ya shilingi 500, halafu tunaondoka.

Najua yupo atakayesema: lakini pikipiki ya China au ya India ni rahisi, kwa nini tujisumbue? Ni swali la haki. Mimi sisemi kesho tuanze kuunda pikipiki nzima. Atakayeanza na pikipiki nzima ataanguka, na tutachekwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname kwenye vitu vidogo tunavyovitumia kwa wingi: keria, stendi, pedali, matrela ya kukokotwa na baiskeli, matoroli, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na baiskeli za magurudumu matatu za ndugu zetu wenye ulemavu, ambazo mara nyingi tunasubiri zije kama msaada.

Yanahitajika mambo mawili. La kwanza ni soko la uhakika. Mfano tunao hapahapa Maswa. Katikati ya miaka ya 2010 vijana wa wilaya hii walianza kutengeneza chaki. Chaki! Kitu ambacho tulizoea kukiona kinatoka mbali kwenye maboksi. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu mnunuzi alikuwa mlangoni. Kila shule inahitaji chaki. Basi na keria na toroli vivyo hivyo. Ofisi za umma, shule, zahanati na vyama vya msingi zikianza kumwagizia fundi wa wilaya yao, yule fundi ataajiri wawili, kisha wanne. Mcheza kwao hutunzwa.

La pili ni zana. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Ni jambo jema sana. Lakini mara nyingi kikundi cha vijana kikiulizwa mnataka nini, kinasema tunataka pikipiki za abiria. Siwalaumu, ndiyo kazi wanayoiona. Ila fikirini: ukiwakopesha vijana watano pikipiki tano, baada ya miaka michache zimechakaa, na fedha imekwenda nje mara mbili, kwanza kununua pikipiki, kisha kununua vipuri. Ukiwakopesha vijana walewale mashine moja ya kukereza vyuma na mtu wa kuwafundisha, mashine hiyo itafanya kazi miaka 20, na itazaa vipuri vya hizo pikipiki. SIDO, shirika la viwanda vidogo, lipo tangu mwaka 1973. Liulizwe, litumike, lisogezwe chini ya ule mti.

Hayo mawili yakifanyika, sina hofu na fundi wetu. Gunia limeshamfundisha nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni yetu sisi wanunuzi, na hasa ninyi wa mijini wenye fedha na ofisi. Siku mtakayohitaji toroli la godauni au kitoroli cha kubebea maji, kabla ya kwenda kwenye duka lenye vioo, piteni kwanza kwa fundi wa kuchomelea. Mwonyesheni mchoro. Akikosea, mrudishieni airekebishe, wala msimkimbie. Hata Wajerumani walirudishiwa magari.

Mji wa wakulima wa zabibu ulihitaji miaka 75 kutoka karakana ya mashine za soksi hadi kuongoza dunia kwa pikipiki. Sisi tangu Uhuru tumeshatumia zaidi ya miaka 60. Saa haitusubiri. Lakini safari ya baiskeli, kama mjuavyo, huanza na pedali moja tu kukanyagwa. Ya pili huja yenyewe.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.